Kesi ya Bwana Kitambaa

Mpanda, Jumapili, Novemba 1956

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya mgodi na hayataki kunyesha. Sikwenda misa. Agnesi yuko uani anachambua mchele ambao ulishachambuliwa jana, nami nimemwacha auchambue tena kwa sababu sijui nimwambie afanye nini kingine.

Tangu Jumatano sijaandika neno humu.

Jana dada yangu Sabina, mama yake Agnesi, alipandishwa treni kwenda jela ya Tabora. Amefungwa miezi sita. Nimezunguka chumbani asubuhi nzima nikitafuta namna ya kuiandika sentensi inayofuata, na sikuona namna nyingine isipokuwa hii: ushahidi wake niliuharibu mimi.

Nianze mbali kidogo. Nikianzia Alhamisi sitajielewa hata mwenyewe.

Kazi yangu ni ukalimani. Mwaka wa nne sasa nasimama katika mahakama ya boma, kati ya Bwana Shauri, ofisa wa serikali anayehukumu kesi, na watu ambao Kiswahili chao hakitoshi kujitetea. Kibende, Kikonongo, Kifipa chetu cha nyumbani, vyote vinaingia masikioni mwangu na kutoka kinywani vikiwa Kiswahili, na Bwana Shauri anaandika. Kabla ya kila kesi naapa kutafsiri kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza. Nimeapa mara nyingi mno, hata siku za karibuni midomo ilikuwa inaapa yenyewe huku mimi nawaza chakula cha mchana.

Sabina ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Mumewe alikuwa mtu wa mgodini; alifariki kwa homa mwaka juzi, akaja kukaa kwangu na binti yake. Anauza dagaa wa Karema sokoni, na siku za gulio huenda Kakese kununua karanga na muhogo. Ni mrefu kuliko mimi, ana mikono ya kutwanga, maneno yake machache. Nilipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka shule ya misheni kila asubuhi. Akinifikisha mlangoni anageuka kwenda shamba. Yeye hakuingia darasani hata siku moja.

Sasa vitabu.

Mwezi wa tano mke wa injinia mmoja alirudi kwao Ulaya, na mpishi wake akaachiwa sanduku la vitu vilivyochokwa na watoto. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya picha vya Kiingereza. Mpishi alimpa muuza karanga awe anafungia. Nilinunua karanga, nikajikuta nasoma karatasi badala ya kutafuna, nikarudi kuomba rundo lote.

Hadithi zote zilikuwa za mtu mmoja. Mchana ni fundi saa, mpole, hana ugomvi na mtu. Jioni anajifunga kitambaa cheusi usoni, anaruka juu ya mapaa, anawapiga wezi na kuwafunga kamba kwenye nguzo ya taa mbele ya kituo cha polisi, halafu anatoweka. Jumapili alasiri nilikuwa nakaa kibarazani nawatafsiria majirani na vijana wa mgodini. Kwa Kiingereza ana jina refu la kujisifu. Vijana wakamwita Bwana Kitambaa, na jina likashika.

Mimi sikuvutwa na ngumi. Nilivutwa na ukurasa wa mwisho. Kila hadithi ilikwisha vilevile: picha ya mwizi kwenye nguzo, picha ya jaji ameinua nyundo, picha ya vyuma vya jela. Kati ya nguzo na nyundo hakuna kitu. Hapo nilikuwa nafunga kitabu nawageukia wasikilizaji. Haya, nyie leo ndio wazee wa baraza. Nani alimwona huyu mtu akiiba? Wanasema, Bwana Kitambaa. Jina lake nani? Hatulijui. Mtoto wa nani? Hatujui. Sasa asiye na jina ataapaje? Mshtakiwa ana haki ya kumuuliza shahidi maswali. Atamuuliza nani, nguzo? Na hiyo mikufu iliyokutwa kwenye mfuko, nani amesema ilikuwa mikononi mwa mwizi, na si mikononi mwa huyo aliyemfunga?

"Jaji gani huyu," nilikuwa nasema, "asiyeuliza hata swali moja?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nilijiona mtu mwenye akili sana Jumapili zile.

Sabina alikuwa akikaa mlangoni anabangua karanga. Hakuwa anacheka. Siku moja akauliza, "Kwa hiyo huyo mwizi angeachiwa?"

"Siku ileile, dada. Angewahi chakula cha mchana kwake."

"Basi mwenye kitambaa afungue uso, aseme jina lake."

"Akifungua, kesi inageuka. Amempiga mtu, amemfunga kamba, amemjeruhi. Atakayekwenda jela ni yeye."

"Lakini angalau watakuwa wamesikia," alisema.

Watu wakacheka tena. Nami nikacheka, nikafungua kitabu kingine.

Mwezi wa nane njia ya Kakese ikaharibika. Kuna mahali inashuka korongoni, miti imesongamana, na aliye nyuma hamwoni aliye mbele. Mwanamke aliyekuwa peke yake alitupiwa nguo kichwani kutoka nyuma, akapigwa, akaporwa mzigo wake. Baada ya wiki chache, mwingine. Wa tatu alikuwa jirani yetu, Mama Paulina, mwenye mimba ya miezi saba. Yeye alipigwa mateke akiwa chini. Mtoto alizaliwa siku ileile, hakulia. Sabina ndiye aliyemwosha, na Sabina ndiye aliyetafuta kitambaa cha kumfungia.

Mumewe Mama Paulina alikwenda polisi. Sajini aliandika yote, kisha akauliza kama mkewe alimwona mtu huyo uso. Mume alijibu kwamba alichokiona Mama Paulina ni nguo tu, kutoka ndani. Sajini akafunga daftari. Simlaumu. Angemkamata nani?

Lakini kila mtu alikuwa na jina mdomoni: Tito. Alikuwa amefukuzwa kazi mgodini, hana shamba, hana biashara, na bado kila wiki alikuwa na kitu cha kuuza. Nami nilikuwa wa kwanza kuwaambia watu kwamba jina lililo mdomoni mwa kila mtu halina uzito mahakamani.

Wiki mbili zilizopita, mchana wa jua kali, wanawake waliokuwa wakirudi gulioni walimkuta Tito pale korongoni. Alikuwa amefungwa kwenye mti kwa kamba za magome, goti limevunjika, analia. Pembeni yake palikuwa na gunia lenye kanga tano na sufuria moja. Alisema amevamiwa na mtu mrefu, amevaa koti la mvua la mgodini na kitambaa cheusi usoni. Mtu huyo hakusema neno. Alimpiga tu.

Mji mzima ulishangilia. Bwana Kitambaa amefika Mpanda! Vijana walinipa mkono barabarani kana kwamba mimi ndiye niliyemwagiza.

Nami nilifurahi. Sitaficha hilo. Nilimfikiria mtoto wa Mama Paulina na nikafurahi kwamba goti limevunjika.

Polisi walimshtaki Tito kwa wizi, na kesi ikaletwa Jumanne hii. Tito anajua Kiswahili vizuri, kwa hiyo nilikaa pembeni nikasikiliza kama mtu mwingine yeyote. Alisimama kizimbani ameegemea fimbo. Alisema alikuwa anakwenda kwa mjomba wake, akavamiwa, gunia halijui, mwizi ni huyohuyo aliyejifunga uso, na ndiye aliyemtupia mzigo ili asijulikane.

Wanawake waliitwa kutambua vitu. Wa kwanza alisema kanga hii ni yangu. Ameijuaje? Kwa maua yake. Bwana Shauri alimtuma askari madukani, naye akarudi na kanga tatu za maua yaleyale. Mwanamke akarudi kukaa, ameinamisha kichwa. Wa pili aliitambua sufuria. Mkono wa sufuria hiyo ulikuwa umekatika, mume wa mwanamke huyo akaufunga kwa waya wa shaba, na kabla hajaonyeshwa alieleza waya ulivyozungushwa. Ikawa hivyohivyo. Sufuria imeibwa, hilo likakubalika. Lakini nani alikuwa nayo?

Yalikuwa maswali yangu ya Jumapili, neno kwa neno. Yakiulizwa kibarazani yanachekesha. Yakiulizwa mbele ya Mama Paulina, aliyekuja na kukaa benchi la mbele na mikono yake mitupu mapajani, hayachekeshi.

Bwana Shauri wetu ni kijana, ana miezi mitatu tu hapa. Si mjinga, wala si katili. Alisema, "Huyo aliyemkamata mshtakiwa, kama yupo, aje aseme alichokiona. Nitangoja hadi Alhamisi. Asipokuja, sina njia ila kumwachia mtu huyu."

Nilimweleza Sabina habari hizo alasiri hiyo, kabla hata sijavua viatu. Alikuwa anachagua dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaikausha kwenye nguo yake.

"Ni mimi, Kalisto," alisema.

Sikumwelewa.

"Koti ni la marehemu. Na kitambaa ni ile kaniki yangu kuukuu. Nilikaa pale magulio matatu. Mara ya tatu akaja."

Ningeweza kumuuliza kama aliumia. Ningeweza kumuuliza alikaaje magulio matatu kwenye lile korongo, peke yake, na mbung'o, akimngoja mwanaume mwenye nguvu kuliko yeye. Nilichomuuliza ni hiki: "Ulimwona akiiba?"

"Sikungoja aibe. Alikuwa nyuma ya mti, gunia begani, nguo mkononi. Nikawasikia wanawake wanakuja kwa mbali, wanaongea. Ningengoja aue mtoto mwingine? Nilimpiga na mchi."

Nilimsihi. Nilipiga magoti, mimi mwenye kazi ya boma, jikoni, kwenye magamba ya dagaa. Nikamweleza kwamba alichokiona hakitamfunga Tito, na alichokifanya kitamfunga yeye.

"Ulishaniambia," alisema. "Siku ile ya vitabu. Nilisikia."

Alhamisi chumba kilijaa hadi madirishani. Sabina alivaa nguo yake ya misa. Jina lake lilipoitwa watu waliguna, halafu wakaelewa wote kwa pamoja. Tito alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Nadhani hakuamini kwamba ni mwanamke.

Aliulizwa atasema kwa lugha gani. Akasema Kifipa, maana Kiswahili chake ni cha sokoni na hataki kukosea neno baada ya kushika kitabu cha Mungu. Bwana Shauri akanipa ishara. Hakuniuliza kama namjua shahidi. Polisi wote wanajua Sabina ni dada yangu. Huenda walidhani Bwana Shauri naye anajua. Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikaapa.

Alieleza habari ya Mama Paulina, koti, kaniki, korongo. Nilitafsiri kila neno kama lilivyo. Alisema gunia lilikuwa begani mwa Tito alipotokea. Nikatafsiri. Mkalimani mwema hasikiki, na kwa muda ule sikusikika.

"Ulipompiga," aliuliza Bwana Shauri, "mshtakiwa alikuwa anafanya nini?"

Nikaligeuza swali kuwa Kifipa. Sabina akajibu taratibu. Alikuwa amesimama nyuma ya mti, alisema, peke yake, na nguo mkononi, anangoja.

Sikupanga. Naapa sikupanga, ingawa sijui kiapo changu sasa kina thamani gani. Nilimgeukia Bwana Shauri, na kinywa changu kikasema, "Alikuwa ameshamtupia mwanamke nguo kichwani."

Kalamu ikaandika. Niliisikia inakwaruza.

Chumba kile kilikuwa na watu wengi wanaojua Kifipa. Hakuna aliyekohoa. Walinitazama tu, na nikaona katika macho yao kwamba wamekubali, kwamba wote kwa pamoja tumeamua Tito afungwe na mambo yaishe. Mama Paulina aliinua uso. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikuwa mtu mkubwa sana.

Bwana Shauri, bila kuacha kuandika, akauliza, "Mwanamke huyo ni nani? Anakaa wapi?"

Bila shaka angeuliza. Hapa Mpanda nani alijua vizuri kuliko mimi kwamba angeuliza? Kwa neno moja nilikuwa nimemuumba mtu mzima, na sasa mtu huyo alitakiwa awe na jina, na baba, na kijiji, na aje aape. Nikamgeukia Sabina nimuulize kitu kingine kabisa kwa Kifipa, nipate jibu lolote la kujazia.

Hakuningoja.

"Hapana," alisema kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya sokoni. "Bwana, mimi sijasema hivyo. Hapakuwa na mwanamke. Alikuwa peke yake anangoja. Mimi nilimpiga kwanza."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Sabina, kisha mimi tena. Nadhani aliona tunavyofanana pua, au paji la uso.

"Huyu shahidi ni nani kwako?"

"Dada yangu, Bwana."

Nyuma mtu mmoja akavuta pumzi. Basi.

Baada ya mchana aliletwa mkalimani mwingine, katekista kutoka misheni. Sabina akarudia yote tangu mwanzo. Hakubadilisha hata neno. Nilisikilizia nje ya dirisha, nimesimama kati ya watu ambao hawakutaka kunigusa bega.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mtu aliyesimama nyuma ya mti na nguo mkononi, alisema Bwana Shauri, bado hajatenda kosa. Hilo nililijua. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, mimi mjuzi wa kurasa za mwisho. Alisema lilibaki suala la gunia. Sufuria ya wizi ilikuwa ndani ya gunia, na shahidi anasema gunia lilikuwa begani mwa mshtakiwa. "Mama huyu amesema mambo yanayomdhuru mwenyewe. Mtu wa namna hiyo huaminika. Kama maneno yake yangenifikia kama alivyoyasema, huenda ningemwamini kuhusu gunia, na hilo lingetosha. Lakini mkalimani ni ndugu yake, na amedanganya. Sasa siwezi kujua nini kilipangwa nyumbani kwao."

Lingetosha.

Ukweli wake mtupu, bila msaada wangu, ungetosha.

Tito aliachiwa. Alitoka akichechemea, na alipolifikia benchi la mbele akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu, akamwambia Mama Paulina, "Pole sana, mama." Mama Paulina alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili mpaka Tito alipotoka mlangoni.

Sabina alikamatwa palepale. Ijumaa alisomewa shtaka la kujeruhi, akakubali. Alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu alisema, "Nimeshasema." Bwana Shauri alimpa miezi sita, akaeleza kwamba ingekuwa zaidi kama asingejileta mwenyewe. Simchukii. Nimejaribu kumchukia tangu Ijumaa na sijaweza.

Jana asubuhi nilikwenda stesheni. Alikuwa kwenye benchi kati ya askari wawili, na kifurushi chake mapajani. Askari mmoja ananifahamu, akasogea kidogo. Sabina aliniuliza kama Agnesi amekula. Nikasema amekula. Akaniambia dagaa walio kwenye kapu la juu waanikwe tena, wameanza kuvuta unyevu. Nikasema ndiyo. Ndipo nikamwomba radhi, kwa maneno mengi, yamechanganyikana Kifipa na Kiswahili, kama wale watu ninaowatafsiria wanapoishiwa nguvu.

Alinisikiliza. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Kwa nini hukuniacha niseme mwenyewe?" aliuliza.

Treni ilipoondoka nilirudi nyumbani nikawaanika tena wale dagaa.

Leo vijana wa mgodini walikuja kibarazani kama kawaida, watatu, wakakaa. Nadhani walitaka kunifariji. Mmoja akasema kwenye vitabu isingekwenda hivi. Niliwaambia hakuna kusoma leo, wakaondoka.

Ni kweli, kwenye vitabu isingekwenda hivi. Zamani nilidhani mchoraji hajui sheria, ndiyo maana anaruka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nyundo. Nikajiona namzidi. Leo nadhani huenda anaijua vizuri tu. Angechora nini pale katikati? Mwanamke anaulizwa kuhusu maua ya kanga. Benchi la stesheni. Mtoto anayechambua mchele mweupe. Hakuna mtoto wa injinia ambaye angekinunua kitabu hicho.

Na kitu kingine nimekiona, nacho kinaniuma zaidi. Katika picha zote zile niliyemcheka ni mwenye kitambaa, kwa sababu anadhani yeye ni polisi na jaji kwa pamoja. Dada yangu hakudhani hivyo. Alimpiga mtu, ndiyo, kisha akaja na uso wake wazi akaiachia mahakama iamue, hata juu yake mwenyewe. Aliyejiona jaji ni mimi. Mimi ndiye niliyevaa kitambaa, mbele ya watu wote, na ndani ya kazi niliyoapa kuifanya.

Wanawake sasa wanakwenda Kakese kumi kumi. Anayekosa kundi haendi. Tito anakaa sokoni, kwenye kivuli cha duka la cherehani, goti limefungwa, anasalimia watu. Wengine wanaitikia.

Jana jioni alikuja karani mkuu wa boma. Ni mtu mwema, alinifundisha kazi. Kesho saa tatu natakiwa mbele ya Bwana Shauri kueleza kwa nini nilitafsiri vile. Karani mkuu alikuwa ameshanifikiria la kusema. "Sema ulikosea kusikia," alisema. "Watu walikuwa wengi, dirisha liko wazi, ni dada yako, ulikuwa na wasiwasi. Nani atathibitisha vingine? Utaonywa, utahamishwa, utabaki na kazi."

Yuko sahihi. Kisheria yuko sahihi kabisa. Kilichokuwa kichwani mwangu hakina shahidi isipokuwa mimi. Nikisema nilikosea kusikia, hakuna awezaye kunigusa. Nikisema nilidanganya kwa makusudi nikiwa nimeapa, kazi imekwisha, na huenda nami nikapanda treni ileile. Na Tito hatafungwa kwa hilo. Na Sabina hatatoka. Nimelipima jambo hili pande zote tangu jana, na kila upande ushauri wa karani mkuu unashinda.

Isipokuwa kwamba Bwana Shauri aliandika hajui nini kilipangwa nyumbani kwetu. Maneno hayo yamo katika karatasi, juu ya jina la dada yangu, na yatabaki pale hata atakapotoka: kwamba labda alikuja kusema uongo uliopangwa. Nikisema nilikosea kusikia, yatabaki hivyohivyo. Mtu mmoja tu anaweza kusema kwamba hakuna kilichopangwa, kwamba alikuja na ukweli mtupu na uongo ulikuwa wangu peke yangu.

Mchana nilivuka uwanja nikamwendea Mama Paulina. Nilimuuliza kama anaweza kukaa na Agnesi iwapo kesho sitarudi. Nilidhani atanifungia mlango. Alikuwa anapepeta. Hakuacha.

"Mlete asubuhi," alisema. "Na nguo zake zote."

Nimezifunga tayari. Ni chache.

Naogopa. Naandika hili kwa sababu mtu akisoma asidhani sikuogopa.

Kesho saa tatu nitasimama upande wa pili wa ile meza. Nitasema kwa Kiswahili, polepole, ili kalamu inifuate. Sitahitaji mkalimani.